Mkopo wa simu na akili mnemba: yanayosemwa Mwaloni na ukweli wake

Ukikaa nusu saa Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa jijini Mwanza, kati ya magunia ya dagaa, hutakosa kusikia mtu akilalamikia mkopo wa simu. Huyu kapewa, yule kanyimwa, na kila mmoja ana sababu yake. Mengi yanayosemwa yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanashika.

“Bila hati ya nyumba na akaunti benki, hukopesheki.”

Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2014 ikaja M-Pawa, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, iliyompima mkopaji kwa matumizi yake ya simu badala ya dhamana. Programu za namna hii huangalia umri wa laini yako, unavyonunua salio, pesa zinazoingia na kutoka, na mkopo wa mwanzo uliulipaje. Kisha akili mnemba yake hukulinganisha na maelfu ya watu wenye mwenendo kama wako na kukisia kama utalipa. Kitochi kinatosha.

Hata hivyo, sifa zote zisiende kwa akili mnemba. Utafiti wa FinScope ulionyesha kuwa watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha nchini walipanda kutoka asilimia 65 mwaka 2017 hadi 76 mwaka 2023. Kazi kubwa hapo imefanywa na simu na wakala aliyekaa pale kona.

“Mashine haina ndugu wala kabila, kwa hiyo haipendelei.”

Hii ndiyo dhana inayoniumiza zaidi, kwa sababu inawafanya watu waamini kuwa wakinyimwa basi wana kasoro.

Mfikirie mama anayenunua dagaa visiwani Kome au Ukerewe, Ziwa Victoria, akawaanika, akawaleta Mwaloni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwepo, taa inawavuta; mbalamwezi ikikolea hawavutiki, na mitumbwi hulala ufukweni siku kadhaa. Basi pesa ya mama huyu hujaa, halafu hukauka, halafu hujaa tena. Kila mvuvi anajua. Programu iliyofunzwa kwa miamala ya watu wa mshahara haijui: inaona simu iliyonyamaza na kuhesabu hatari. Tena akikopa mkopo wa siku 14 giza likielekea kwisha, siku ya kulipa inamkuta kwenye mbalamwezi, hakuna mtumbwi unaoingia. Anachelewa, alama zake zinashuka, na safari ijayo anapewa kidogo au hapewi kabisa.

Hapo bado hatujagusa pesa taslimu. Akiuza gunia kwa noti mkononi, kwa mashine hajauza kitu. Kama laini imesajiliwa kwa jina la mumewe, jasho lake linamjengea mume sifa. Na miaka yake ya kuweka hisa VICOBA, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, bila kukosa imeandikwa kwenye daftari, ambalo mashine hailisomi. Simlaumu anayekwepa simu kwa sababu ya makato. Biashara ya dagaa haina faida ya kuchezea. Ila kuwa na laini kwa jina lako mwenyewe ni jambo la kulipigania.

Kasoro hii inarekebishika. Mashine ikipewa kumbukumbu za misimu kadhaa ya ziwa, inaweza kuuona mzunguko wa giza na mbalamwezi, na mkopeshaji akapanga marejesho yafuate uvuvi. Wanaotengeneza huduma hizi wanapaswa kufika mwaloni kabla ya kuandika programu.

“Mikopo ya mtandaoni yote ni kausha damu.”

Siyo yote, lakini hofu ina msingi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu ikitaka kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako, achana nayo: ukichelewa, watapigiwa shemeji, mchungaji na wateja wako.

“Lazima ujue Kiingereza.”

Hapana. Menyu za pesa za simu ziko kwa Kiswahili. Pengo lipo kwenye huduma za sauti: bibi wa Ukerewe anayezungumza Kikerewe tu, au mkulima wa pamba wa Kisukuma, bado hawajatengenezewa vya kutosha.

“Mashine ikikataa, imekataa.”

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kudai kwamba uamuzi unaokugusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Inakupa pia haki ya kujua taarifa zako zipi zinatumika, na kutaka zilizokosewa zisahihishwe. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo ukinyimwa, mwandikie mkopeshaji, taja sheria hiyo, omba sababu, na omba mtu apitie maombi yako upya. Ambatanisha na kumbukumbu za kikundi chako cha VICOBA.