INR 2.6 Ina Maana Gani? Kuyasoma Majibu ya Kipimo cha Kuganda kwa Damu

Wagonjwa wengi wanaopokea majibu kwenye dirisha la maabara hapa Mombasa hukitazama kwanza kile kishale kilichochapishwa kando ya tarakimu, na wakikiona kimeelekea juu roho huwaruka. Katika kipimo cha muda wa kuganda kwa damu, kiitwacho PT, kishale hicho hakisomeki peke yake. Mtu asiyetumia dawa ya kuzuia damu kuganda hutarajiwa kuwa na INR, yaani majibu ya PT yaliyosawazishwa ili yalinganishike kati ya maabara, iliyo karibu na 1. Anayemeza warfarini, mojawapo ya dawa hizo, kwa sababu mapigo ya moyo wake hayaendi sawa, au kwa kuwa alipata donge la damu mguuni, kwa kawaida hulengewa baina ya 2 na 3, na aliyewekewa vali bandia ya chuma mahali pa vali ya mitrali, iliyo upande wa kushoto wa moyo, mara nyingi hulengewa baina ya 2.5 na 3.5. Kwa hiyo 2.6 yenye kishale ni habari njema kwa mmoja, na kwa mwingine ni jambo la kutafutiwa sababu, kuanzia kwenye ini.

Damu ya kipimo hiki hutiwa katika chupa yenye kifuniko cha buluu, ambayo ndani yake mna sitrati inayoifunga kalsiamu ili damu isigande njiani. Maabara huitenga plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, huirudishia kalsiamu pamoja na kitendanishi cha kuanzisha kuganda kiitwacho tromboplastini, kisha huhesabu sekunde hadi igande. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa takriban 11 hadi 13.5. Vitendanishi vya watengenezaji mbalimbali havina nguvu sawa, na ndiyo sababu INR ilibuniwa: anayepima mwezi huu kisiwani na mwezi ujao Likoni alinganishe INR, asilinganishe sekunde. Chupa nayo lazima ijae hadi alama yake, sehemu tisa za damu kwa moja ya sitrati, kwani ikipungua majibu hurefuka kwa uongo. Tunapoomba damu mara ya pili, tunamwomba mgonjwa atuvumilie, maana dozi yake itapangwa kwa tarakimu hiyo.

Warfarini hulizuia ini kuitumia vitamini K katika kutengeneza protini za kugandisha damu. Vitamini hiyo imejaa katika mchicha, kisamvu, sukuma wiki na majani ya kunde, lakini hatumkatazi mtu mboga zake. Tunachoomba ni kwamba kiasi anachokula kisipande na kushuka. Mwezi wa Ramadhani, chakula na saa za kumeza dawa zinapobadilika, ni vyema daktari aarifiwe mapema. Dawa nyingine pia huingilia: rifampisini ya kifua kikuu huishusha INR, ilhali metronidazoli, kotrimoksazoli na flukonazoli huipandisha. Aspirini ni ya hatari zaidi kwa namna yake, kwa kuwa huongeza uwezekano wa kutoka damu huku INR ikionekana iko sawa. Na kwa kuwa badiliko la dozi huchukua siku kadhaa kuonekana katika damu, mtu asijipunguzie wala kujiongezea vidonge kwa kuiona karatasi tu.

Kuna jambo ambalo kipimo hiki hakilioni. Mtoto wa kiume aliyetokwa na damu nyingi siku ya tohara anaweza kupata majibu mazuri kabisa ya PT na bado awe na hemofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, kwa sababu ugonjwa huo huanza kutiliwa shaka kupitia kipimo kingine, aPTT, kisha huthibitishwa kwa kupima protini yenyewe iliyopungua. Mzazi akiambiwa kwamba damu ya mtoto inaganda vizuri, aulize ni kipimo gani kilichofanywa.

Anayetumia warfarini akiona kinyesi cheusi kama lami, akitokwa na damu puani isiyokoma, akiumwa na kichwa kikali cha ghafla, au akianguka na kujigonga kichwa, aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama INR ya jana ilikuwa ndani ya lengo lake.