Watawa wa Compiègne: yanayosemwa na yaliyotokea

Tarehe 17 Julai Kanisa Katoliki huwakumbuka Wakarmeli 16, watawa wa kike wa mji wa Compiègne, Ufaransa, waliokatwa vichwa kwa gilotini mjini Paris mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu Desemba 2024, na tangu hapo wanasimuliwa sana, mara nyingine kinyume na ukweli. Nawapenda mno wanawake hawa, siwezi kunyamaza.

"Walikamatwa wamejifungia monasterini." Hapana. Walifukuzwa humo Septemba 1792. Wakavua mavazi ya kitawa, wakapanga vyumba mjini kwa makundi manne, na kila siku wakajitoa sadaka kwa ajili ya amani ya Ufaransa. Walikamatwa Juni 1794.

"Wote walikuwa wameweka nadhiri." Sista Constance, mwenye miaka 29, alikuwa bado mnovisi, yaani anayejiandaa kuweka nadhiri, kwa sababu tangu 1789 serikali ilikataza nadhiri mpya. Kaka yake alikuja kumchukua arudi nyumbani, akakataa. Walikuwapo pia Catherine na Thérèse Soiron, ndugu wa damu, wahudumu wa nje tu wa monasteri. Hawa ndio wanaonigusa zaidi: hawakufungwa na nadhiri yoyote, na bado hawakuondoka.

Constance aliweka nadhiri zake chini ya jukwaa la gilotini, mbele ya Mama Teresa wa Mtakatifu Agostino, mkuu wao. Akapanda wa kwanza akiimba Zaburi ya 117. Mama akabaki wa mwisho, ili binti zake wote wapite mbele yake.

Yule Blanche, mtawa mwoga wa kwenye opera ya Poulenc inayosimulia kisa chao, ni wa kubuniwa.

"Kifo chao ndicho kilichomwangusha Robespierre." Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi aliyetawala kwa vitisho, alianguka siku 10 baadaye, Julai 27, lakini walioinuka dhidi yake ni wabunge wenzake waliohofia shingo zao. Muumini ana haki ya kuona hapo jibu la sala, nami naliona, ila tusilifundishe kama historia iliyothibitishwa.

"Walivaa kitawa mahakamani ili kuichokoza serikali." Ilikuwa siku ya kufua! Julai 12, wakiwa mahabusu Compiègne, nguo zao za kiraia zilikuwa zimelowa majini, na nyingine hawakuwa nazo. Wakajisitiri kwa mavazi yao ya zamani ya kitawa. Amri ya kuwapeleka Paris ikafika saa hiyohiyo, na walipoomba wabadilishe kwanza, wakanyimwa. Ndivyo walivyopandishwa kwenye mikokoteni wakiwa Wakarmeli kamili, jambo ambalo sheria ilikuwa imewanyima kwa karibu miaka miwili.

Nguo mbichi zikabaki nyuma. Jela hiyohiyo walifungwa watawa Wabenediktini Waingereza, ambao mavazi yao yalikuwa yamechakaa, wakapewa wao. Mwaka 1795 walivuka bahari kurudi Uingereza wakiwa wamezivaa.