Msiukate mdomo wa honi

Wiki iliyopita nililetewa sanduku jingine la honi, yaani boksi la spika ya besi lenye njia ya ndani inayopanuka hadi tundu kubwa la kutolea sauti, ambalo ndilo mdomo. Lilikuwa limebanwa mdomo. Mwenyewe alikuwa na ramani nzuri, plaiwudi ya milimita 18, na vipimo vya ndani alivifuata vizuri. Alipofika mwisho akaona boksi halitapita mlangoni, basi mdomo uliotakiwa kuwa na sentimita 90 akauacha na 55. "Fundi, njia ya ndani sijaigusa. Si urefu ndio unaoleta besi?" Swali hilo nimelisikia mara nyingi mno, na malalamiko yanayokuja nalo ni yaleyale: noti moja inatikisa madirisha, inayofuata haisikiki kabisa.

Urefu una kazi yake, sikatai. Lakini mdomo si tundu la kutokea tu. Honi ipo ili kuunganisha koni ndogo ya spika, ile inayotikisika, na hewa kubwa ya nje. Kooni, pale njia inapoanzia kwenye spika, shinikizo ni kubwa. Njia inapanuka kidogo kidogo, shinikizo linashuka, na wimbi linafika nje likiwa limeshazoea nafasi. Mdomo ukiwa mdogo mno kwa masafa unayoyataka (idadi ya mitetemo kwa sekunde, Hz; besi ni masafa ya chini), wimbi linafika ukingoni na kukuta nafasi imefunguka ghafla. Sehemu yake inarudi ndani hadi kooni. Kwenye masafa fulani linalorudi husaidiana na linalotoka, na kwenye mengine hupingana nalo. Ndiyo hiyo noti moja. Njia ya mita 2.1 iliyofungwa upande mmoja hulia yenyewe karibu na 40 Hz, kwa sababu urefu wake ni robo ya wimbi. Ukibana mdomo umejitengenezea bomba linalolia, na jasho lote la kukata mbao za kupanuka limepotea.

Sasa chukua kikokotoo. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la 40 Hz lina urefu wa mita 8.6. Honi iliyoning'inia hewani inataka mzingo wa mdomo ulingane na wimbi hilo, yaani duara lenye kipenyo cha mita 2.7 na eneo la karibu mita za mraba 5.8. Hakuna anayejenga kitu hicho sebuleni. Ila ukiliweka sanduku sakafuni, eneo linalohitajika linakuwa nusu, kwa sababu sakafu inafanya kazi ya upande mmoja wa honi. Likiegemea na ukuta, ni robo. Likiingia pembeni, kwenye kona ya kuta mbili na sakafu, ni sehemu ya 8: mita za mraba 0.73. Paul Klipsch aliliona hilo miaka ya 1940, na honi yake ya kona ilitumia kuta za nyumba kama mwendelezo wa honi yenyewe.

Kwenye uwanja wazi hakuna kona, basi unapanga masanduku. Mdomo wa sentimita 60 kwa 90 ni mita za mraba 0.54, ukiyabananisha 6, midomo ikigusana, unapata 3.24, na hiyo inatosha kwa 40 Hz juu ya ardhi. Ndiyo maana sanduku moja likipimwa peke yake linaonekana dhaifu, na mengi yakikaa pamoja yanashuka chini zaidi. Yakitawanywa kila moja kivyake, faida hiyo haipo.

Na kama nafasi huna, usibane mdomo. Pandisha lengo lako. Honi ya 60 Hz inahitaji eneo dogo kwa zaidi ya mara mbili kuliko ya 40 Hz, na njia yake pia ni fupi. Honi safi ya 60 Hz ninaichagua kila siku kuliko ya 40 Hz iliyokatwa. Kabla ya kugusa msumeno, ingiza vipimo vyako kwenye Hornresp, programu ya bure ya David McBean, uone mstari wa grafu ya sauti unavyovurugika mdomo ukipungua.

Mengine mnayoniambia nayajibu kwa ufupi. Kwamba honi hurusha besi mbali: hapana. Nje, kila umbali ukiongezeka maradufu unapoteza desibeli 6, iwe honi au boksi la kawaida. Honi inasikika mbali kwa sababu imeanza na sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile. Kwamba besi haisikiki mpaka usimame mita 10 ili wimbi likamilike: vipokea sauti vya kichwani vinakupa 40 Hz sikioni kabisa.

Kwamba spika yoyote nzito itafaa: mnaniletea vufa (spika za besi) za gari zenye koni nzito na Qts ya 0.6, halafu mnashangaa. Qts ni namba ya spika inayoonyesha jinsi mtikisiko wa koni unavyozuiwa; ikiwa ndogo, unazuiwa zaidi. Honi inataka sumaku yenye nguvu na koni ngumu, Qts chini ya 0.4. Na kwa kuwa inatoa sauti kubwa kwa wati chache, watu husahau kwamba chini ya masafa yake ya mwisho koni haina tena mzigo wa hewa na huruka ovyo. Weka chujio la kukata masafa hayo. Sitoi sanduku karakanani bila kumweleza mteja hilo.

Sponji ndani ya njia ya honi, toeni. Inakula sauti mliyoihangaikia. Pembe za ndani nazo hazihitaji kuviringishwa kwa besi. Wimbi la mita kadhaa halijali kona ya sentimita 30. Linalojali ni ufa kwenye chemba ya nyuma, kile chumba kilichofungwa nyuma ya spika. Ingiza taa ndani, funga spika na gasketi yake, zima taa za chumba. Popote mwanga unapopenya, rudia gundi.