Tundu tumeziba, ila kliniki bado unakuja

Jamani tuelewane. Wiki hii nimeambiwa tena "si mlishampasua, moyo umepona, kliniki ya nini?" na safari hii kasema daktari mwenzangu. Mzazi namwelewa, mtoto alikuwa anageuka bluu akilia, leo anakimbiza mpira, nani asingeamini?

Tundu dogo kati ya ventrikali, yaani vyumba viwili vya chini vya moyo, sawa, mengine hujifunga yenyewe, hayo tuyaache. Ugomvi wangu ni tetralojia ya Fallot, kasoro nne za moyo ambazo mtoto anazaliwa nazo kwa pamoja, tundu hilo likiwemo. Pale hatuzibi tundu tu, tunapanua njia ya damu kwenda mapafuni, na ikiwa nyembamba sana inabidi tukate mpaka kwenye vali yenyewe, ule mlango unaozuia damu isirudi nyuma, halafu tushonee kiraka. Hapo vali haifungi tena vizuri. Damu inaenda, nyingine inarudi, kila pigo la moyo, miaka nenda rudi, ventrikali ya kulia inatanuka taratibu na mwenyewe hana habari kwa sababu hasikii kitu, akija kulalamika kuchoka mara nyingi tumeshachelewa.

Sasa vali mpya tuweke lini? Hapa hata mbele ya wanafunzi wangu nasema wazi, tunabishana. Tunapima ventrikali kwa MRI, namba za kufuata zipo, ila ukiwahi umempa vali ya tishu itakayochakaa imrudishe tena thieta, ukichelewa ventrikali hairudi ilivyokuwa. Nina wagonjwa wawili vipimo karibu sawa, mmoja nimemwambia asubiri, mwingine nimempangia tarehe, na ukinibana sana kwa nini, jibu lililonyooka sina.

Halafu kuna wale wa "utafiti wa maprofesa ni wa kutafutia cheo". Sawa, vyeo tunavipenda, ila Lillehei, mpasuaji wa moyo wa Marekani, alirekebisha Fallot kwa mara ya kwanza 1954, na kwa miaka mingi fani nzima iliona vali kuvuja si kitu. Waliotufumbua macho ni wagonjwa waliofuatiliwa mpaka utu uzima! Mtoto ninayemshona leo majibu yake kamili yatatoka nimeshastaafu, sasa bila rekodi na bila vijana wa kuzisoma, nani atajua nilimfanyia nini?

Kwa hiyo wewe uliyeacha kliniki ukiwa na miaka 17 kwa vile unajisikia freshi, rudi upimwe, na uje na ripoti ya operesheni, maana "nilipasuliwa moyo utotoni" hainiambii kama kiraka kilipita kwenye vali.