Rezidenti: mshauri aliyeshika ufunguo wa hazina

Rezidenti alikuwa ofisa wa Kiingereza aliyekaa karibu na kasri la mtawala wa Kihindi ndani ya dola ambayo, kwa maandishi, haikuwa koloni. India ilikuwa na dola za kifalme zaidi ya 500. Zilikuwa na wafalme wake, mahakama zake na kodi zake, na sheria za Bunge la London hazikuwafika raia wake moja kwa moja. Kwa mujibu wa mkataba kazi ya Rezidenti ilikuwa kushauri. Makala hii inaeleza jinsi ushauri huo ulivyogeuka kuwa amri, hasa pale hazina ya dola ilipoyumba.

Mzizi wake ni mkataba wa ulinzi. Mtawala alikubali kulindwa na majeshi ya Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Kiingereza iliyotawala India kabla ya Taji, akayalipia, na akaacha mambo ya nje mikononi mwa Kampuni. Hata barua ya kwenda kwa mfalme jirani ilipitia kwa Rezidenti. Mysore, dola ya kusini mwa India, kwa mkataba wa 1799, ilitakiwa kulipa rupia laki 24 na nusu kila mwaka. (Laki hii ni ile ile yetu ya 100,000, neno limetoka huko huko.) Malipo hayo hayakupungua mvua ilipogoma. Mwaka wa mavuno mabaya mtawala alikopa kwa mabenki wa mjini kwa riba kubwa, mwaka uliofuata akakopa tena ili alipe riba, mishahara ya askari ikalala, na barua za Rezidenti zikaanza kutaja “utawala mbovu”.

Kwa hiyo deni lililotumika kama ushahidi dhidi ya mtawala mara nyingi lilikuwa limezaliwa na mkataba wenyewe. Hyderabad ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Nizam, yaani mtawala wake, alilipia kikosi chenye maofisa wa Kiingereza ambacho hakuwa na amri nacho. Malimbikizo yalipokua, mwaka 1853 Waingereza walichukua usimamizi wa Berar, mkoa wenye pamba nzuri, ili wajilipe kutokana na mapato yake. Mwaka 1860 walimfutia deni la laki 50. Berar haikurudi. Mwaka 1902 ilikodishwa kwao daima kwa laki 25 kwa mwaka.

Mtindo ulibadilika baada ya uasi mkubwa wa 1857 dhidi ya Waingereza. Awadh, dola ya kaskazini, ilikuwa imemezwa mwaka 1856 kwa kisingizio cha utawala mbovu, na hasira ya kumezwa huko ilikuwa miongoni mwa kuni za uasi huo. Tangu hapo London iliona ni nafuu dola ibaki, abadilishwe mtu. Hapo ndipo usimamizi wa hazina ulipopata umbo lake kamili, na Baroda, katika Gujarat, inauonyesha hatua kwa hatua.

Malhar Rao Gaekwad alirithi kiti mwaka 1870, akitoka gerezani alikokuwa amefungwa kwa tuhuma za kutaka kumuua kaka yake, mtawala aliyetangulia. Alitumia bila kipimo. Mizinga yake ya dhahabu inatajwa hadi leo. Mwaka 1873 alifika Rezidenti mpya, Kanali Robert Phayre, akakusanya malalamiko. Serikali ya Kiingereza ya India ikaunda tume chini ya Kanali Richard Meade. Tume ilikuta kodi ya ardhi iliyopita uwezo wa wakulima, mateso katika kuikusanya, nazarana, yaani fedha aliyotoa mtu ili apewe cheo, na watu wa mtawala aliyetangulia kunyang'anywa mali. Julai 1874 Gavana Mkuu, Lord Northbrook, alimpa Malhar Rao hadi mwisho wa 1875 ajirekebishe.

Hatua iliyofuata ilikuwa diwani. Kwetu diwani ni mwakilishi wa kata; katika dola hizi alikuwa waziri mkuu, mshika daftari zote. Malhar Rao alimweka Dadabhai Naoroji, ambaye baadaye aliingia Bunge la Uingereza mwaka 1892. Phayre hakumtaka. Kasoro ya mfumo ilikuwa hapo: mshauri, mkusanya mashtaka na mpima maendeleo walikuwa mtu mmoja, na diwani asiyependwa na mtu huyo hakuweza kufanya lolote. Naoroji alijiuzulu baada ya miezi michache tu.

Tarehe 9 Novemba 1874 Phayre alionja sharubati yake ya balungi, akaimwaga. Ilikutwa na aseniki na vumbi la almasi. Aliondolewa, na nafasi yake akapewa Sir Lewis Pelly, ambaye Unguja ilimjua: aliwahi kukaimu ubalozi wa Kiingereza huko mwaka 1861 na 1862. Januari 1875 Pelly alimkamata Malhar Rao kwa tuhuma za sumu hiyo. Kesi ikasikilizwa na watu sita, Waingereza watatu na Wahindi watatu, kura zikagawanyika tatu kwa tatu, kila upande na rangi yake. Serikali haikuhangaika. Aprili ilimwondoa Malhar Rao kwa mwenendo mbaya, utawala mbovu na kushindwa kurekebisha mambo, sumu ikawekwa kando. Kwa njia hiyo haikuhitaji hukumu ya mahakama.

Mrithi, Sayajirao III, alikuwa mtoto wa miaka 12 kutoka kijijini, na usimamizi wa hazina haukuwa na msimu mzuri kuliko utoto wa mfalme. T. Madhava Rao, aliyekwisha kuwa diwani katika dola za Travancore na Indore, aliletwa. Mpangilio wa kazi yake ulikuja kuwa wa kawaida kwa dola nyingine. Kwanza madai yote dhidi ya dola yaandikwe na kuhakikiwa, kwa sababu sonara na mabenki huja na hati ambazo nyingine ni za uongo. Kisha askari walipwe malimbikizo, maana asiyelipwa huanza kujilipa. Fungu la matumizi ya kasri litengwe na hazina ya dola. Hili ndilo lililouma zaidi, kwani kabla yake hapakuwa na mpaka kati ya mfuko wa mfalme na mfuko wa nchi. Kodi isikodishwe tena kwa mfanyabiashara anayelipa jumla na kujirudishia kwa wakulima (forodha ya Unguja ilikodishwa vivyo hivyo kwa nyumba ya biashara ya Kihindi ya Jairam Shivji), bali ikusanywe na watumishi wenye mshahara. Mwisho ardhi ipimwe na kodi ipunguzwe hadi kiwango kinacholipika.

Sayajirao alikabidhiwa madaraka Desemba 1881. Mwaka huo huo Mysore, iliyokuwa imechukuliwa tangu 1831 kwa hoja ya deni na uasi wa Nagar, ilirudishwa kwa mfalme wake kwa masharti: sheria zilizowekwa na Waingereza zisibadilishwe bila idhini, na malipo ya mwaka yapande hadi laki 35.

Mamlaka ya kufanya yote haya hayakuandikwa katika mkataba mmoja. Nizam alipodai Berar kwa hoja za mikataba, Lord Reading, Gavana Mkuu wa wakati huo, alimjibu Machi 1926 kwamba ukuu wa Taji la Uingereza haukutegemea mikataba peke yake. Unguja mtindo huo ulikuwa umeshafika miaka 35 kabla: mwaka 1891 Gerald Portal, balozi wa Kiingereza, aliweka mapato ya Sultani Ali bin Said chini ya maofisa wa Kiingereza, Lloyd Mathews akawa waziri wa kwanza, na Sultani akabaki na posho.