"Fundi, nifanyie saundi prufu gari zima": dhana potofu kuhusu kelele za barabarani

Wiki hii pekee nimeisikia mara tatu kauli hiyo, ya kutaka gari lote libandikwe shiti za kupunguza kelele. Wa tatu alikuwa kijana mwenye IST, kaja gereji Jumamosi asubuhi, anajivuna kidogo: "Fundi, mimi nimeshabandika shiti mwenyewe. Gari zima, tabaka mbili, mpaka dari. Mbona bado linanguruma?"

Nikagonga mlango wa nyuma kwa kifundo cha kidole. Du. Umekufa kama ukuta wa udongo. Sakafu ya buti: du. Kazi safi, hata rola alipitisha vizuri, alumini imelala bapa. Tukatoka naye hadi barabara ya Mandela. Kufika spidi hamsini: wuuuu. Akikata kushoto mlio unapanda, akikata kulia unashuka. Beringi ya nyuma, upande wa kulia. Wikendi mbili kapiga magoti ndani ya gari anabandika, na mwenye kelele yuko nje anazunguka tu.

"Shiti zinazuia sauti, ukibandika nyingi gari linatulia zaidi"

Hii ndiyo inayonimaliza, maana inakula hela za watu.

Shiti ya butili, yaani mpira laini unaonata wenye alumini juu, kazi yake ni moja: kulituliza bati. Bati la gari ni jembamba, milimita 0.7 au 0.8, na pale lilipo pana na tambarare linacheza kama ngozi ya ngoma. Tairi likipita kwenye lami yenye mikwaruzo, mtikisiko unapanda kwa shokapu na vyuma vya chini, unaingia kwenye bodi, bati linatetemeka, na wewe ndani unasikia mvumo mzito. Ukibandika butili yenye alumini juu yake, kila bati linapojipinda ile butili inavutwa huku imebanwa kati ya bati na alumini, na mtetemo unageuka joto dogo ambalo hata hulihisi. Basi. Kazi yake inaishia hapo.

Na ngoma inalia katikati. Kingo za bati zimeshachomelewa, haziendi popote. Mikunjo na mabonde ya sakafu nayo yanaikaza bodi. Ndiyo maana robo hadi theluthi ya eneo, ukiibandika katikati ya sehemu tambarare, inakupa sehemu kubwa ya faida yote. Inua kapeti kwenye gari nyingi za Kijapani utakuta vipande vya lami vimebandikwa kiwandani, hapa kimoja, pale kimoja. Wale wahandisi hawakuishiwa hela.

Kuzuia sauti inayopita hewani ni jambo jingine, na hilo ni hesabu ya uzito. Ukiuzidisha uzito wa kizuizi mara mbili unapunguza kama desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati sikio linataka kama desibeli 10 ndipo likiri kwamba kelele imepungua nusu. Bati la milimita 0.7 lina kilo tano na nusu hivi kwa mita moja ya mraba. Shiti ya milimita 2 ni kama kilo tatu. Yaani hata ukifunika kila inchi, huo uzito mara mbili wenyewe hujaufikia, na umeshalibebesha gari kilo thelathini na zaidi. Passo ya lita moja itakukumbusha kwenye kila mlima.

Tena kizuizi chenye tundu ni mtumbwi wenye tundu. Uwazi wa asilimia moja tu ya eneo lote unatosha kuhakikisha ukuta wako hauzuii zaidi ya desibeli 20, hata uujenge kwa zege. Kwa hiyo kabla hujanunua shiti yoyote, chukua noti ya elfu moja, ibane na mlango, kisha ivute. Ikitoka kama iliyopakwa mafuta, raba ya mlango imechoka. Rudia kuzunguka mlango mzima, kisha buti. Nimewahi kumbadilishia mzee mmoja raba za milango miwili, akarudi kesho yake kuniuliza kama nimegusa injini.

Nimeacha kubishana, sasa nawaambia watu hivi: gonga kwanza. Panapolia kama debe, bandika. Panapojibu "du", acha, hamishia shiti yako kwingine. Futa bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Vumbi la Dar likichanganyika na mafuta halishikani na gundi ya aina yoyote. Liache gari juani saa sita mchana, shiti italainika yenyewe bila kununua kifaa cha kupuliza hewa moto. Bandika, kisha pitisha rola kwa nguvu mpaka vile vinundu vya alumini vilale. Ukiona puto la hewa, litoboe na upitishe tena.

Na kama bado unataka kuzuia sauti hasa, hapo tunaongelea vinili nzito, yaani plastiki laini ya kilo tano kwa mita ya mraba, iliyolazwa juu ya sponji ngumu isiyonyonya maji, ile inayofanana na soli ya ndala. Hiyo ndiyo inatakiwa ifunike kila mahali bila mwanya, kuanzia sakafuni hadi juu ya matairi. Watu wanafanya kinyume: butili inayotosha kwa vipande wanaijaza, vinili inayotaka kujaa wanaiweka vipande.

"Kelele inaingia milangoni"

Kwa anayetaka muziki upige vizuri, sawa, aanze na milango. Kwa kelele ya barabarani, kwenye IST, Vitz, Raum, Probox na gari yoyote ambayo buti haina ukuta, anza nyuma. Juu ya matairi ya nyuma pana bati tupu na plastiki nyembamba, kisha masikio ya watoto. Pipa la spea tairi nalo ni ngoma kubwa kuliko zote. Mimi nikipewa shiti nne tu, zote zinaishia huko.

Ukifika milangoni, usizibe vitundu vya chini. Maji ya mvua huingia mlangoni pembeni mwa kioo kila inaponyesha, na yanatokea hapo. Dada mmoja wa Tabata aliniletea gari katikati ya masika, kila akifunga breki mlango unafanya chubwi chubwi kama ndoo. Tulipoufungua, maji yakatulowesha viatu.

"Ile lami ya paa ya dukani ni kitu kilekile na butili"

Sicho. Kwenye paa la nyumba iko nje, harufu inaenda zake. Ndani ya gari lililoegeshwa Kariakoo vioo juu tangu asubuhi, lami inalegea, inanuka, na ile uliyobandika darini au mlangoni inateleza inaingia kwenye klipu na mota za vioo. Kuiondoa ni kazi ya siku nzima na mafuta ya taa. Na wapo wanaouza lami kwa jina la butili. Kata kipande, kibandike kwenye bati lililosimama wima, kiache juani mchana kutwa. Kilichoshuka ni lami.

"Sponji la godoro linatosha"

Linanyonya maji, linakaa nayo, bati linaoza. Na trei za mayai mnazobandika kuzuia sauti, zirudishe kwa muuza mayai.

"Tairi ni tairi"

Kuanzia kama spidi arobaini na kuendelea, kelele kubwa unayoisikia ni ya tairi kuliko ya injini. Sasa mtu ana matairi ya mtumba, kila moja na jina lake, halafu anataka nimbandikie dari. Tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi, soma tarakimu nne za mwisho: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira wa umri huo umeshakuwa mgumu, na mpira mgumu unapiga kelele. Kisha pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda na kurudi. Ukihisi mawimbi, au upande mmoja unakwaruza na mwingine unateleza, peleka wili alaimenti na uangalie shokapu. Shiti haitalifanya tairi liliwe sawasawa kwa niaba yako.

Pima pia, usitegemee kumbukumbu. Programu ya desibeli ya simu haina usahihi wa maabara, ila inatosha kulinganisha: barabara ileile, spidi hamsini ileile, AC imezimwa, simu imekaa palepale. Jumapili saa moja asubuhi, kabla ya foleni.

Na nunua klipu kumi za akiba kabla hujavua kava la mlango. Zitakatika, hasa za gari lililokaa juani miaka kumi na tano, halafu kava litaanza kupiga kelele mpya ambayo hukuja nayo.