Nyekundu juu ya kijani: kanga iliyonifundisha kuona

Kanga ya kwanza niliyoichora kwa ajili ya harusi ilikuwa na mji, yaani sehemu ya katikati, wa kijani iliyokoza, na jina, yaani msemo wa kanga, la herufi nyekundu. Pale mezani rangi zile ziliniwakia nikaridhika. Usiku wa harusi, mama mmoja aliyejifunga doti hiyo alipita hatua chache mbele yangu, nami nikashindwa kulisoma jina nililoliandika mwenyewe.

Kesho yake niliipiga picha kwa simu, nikaiondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Herufi zikapotea! Nyekundu yangu na kijani yangu zilitoa kijivu kimoja. Rangi mbili zinaweza kuitwa kwa majina tofauti kabisa na bado zikalingana kwa mwanga, na jicho likisoma herufi hutegemea zaidi mwanga na giza. Tangu siku hiyo hakuna mchoro wangu unaokwenda kiwandani kabla ya kupita kwenye picha isiyo na rangi.

Rangi jirani nayo ina neno lake. Huko Paris, kwenye kiwanda cha Gobelins kinachofuma mazulia ya kutundika ukutani, mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikozi. Alipochunguza, akaona nyuzi hazina kasoro. Weusi ulififishwa na rangi zilizofumwa kando yake. Matokeo aliyachapisha mwaka 1839. Ndiyo maana mteja akiniambia "ikoze hii nyekundu", mara nyingi siigusi nyekundu. Nabadilisha iliyo pembeni yake.

Lakini mwalimu wangu mkubwa ni kisutu, kanga ya maharusi: nyekundu, nyeusi, nyeupe, basi. Tazama na lugha yetu. Rangi zenye vivumishi vyake vyenyewe ni hizo hizo tatu. Nyingine tumezitoa kwenye vitu, kijani kwa jani, kahawia kwa kahawa, au tumeziazima. Na hizo tatu zina hata sauti zake: nyeupe pe, nyeusi tii, nyekundu pyu. Kijani chenye sauti ya namna hiyo sijapata kukisikia.

Sauti hizo nazitumia sana ninapomweleza kanga mteja wa mbali asiyeweza kuishika. "Kanga nzuri ya rangi nyingi" haimwonyeshi kitu. Namwandikia: "Mji mweupe pe, pindo jeusi tii, na katikati embe moja jekundu." Naanza na zile mbili zinazoachana zaidi, kisha hiyo ndogo inayozikatiza. Nikimtajia rangi sita kwa mkupuo, haoni hata moja.

Jina nalo hufanya kazi vivyo hivyo. "Mpanda ngazi hushuka": kupanda na kushuka ndani ya maneno matatu. "Hasira hasara" inanifurahisha zaidi, kwa kuwa irabu moja tu ndiyo imegeuka na maana yote imehama. Herufi nyingine zimetulia, ndipo hiyo moja ikasikika. Pindo, mji na jina vikipiga kelele pamoja, mvaaji anabaki na kitambaa chenye fujo.

Kanga iliyo mezani kwangu leo ina mji wa kijani tena. Jina nimeliandika kwa nyeupe ndani ya kisanduku cheusi, na nyekundu nimeiachia nukta ndogo kwenye kona nne za pindo.